Mkono Mmoja Haulei Mwana: Historia ya Usaidizi wa Kijamii kwa Wanagenzi wa Karakana za Bujumbura

Ikisiri

Makala hii inachunguza historia ya usaidizi wa kijamii kwa wanagenzi, yaani vijana wanaojifunza kazi mahali kazi inapofanyika, katika mji wa Bujumbura tangu enzi ya kituo cha Wajerumani hadi leo. Hoja yake kuu ni kwamba karakana za mji huu, hasa zile za mtaa wa Buyenzi, zilidumu kama mahali pa kufundishia kwa sababu mwanagenzi alikuwa na watu waliomlisha, waliomdhamini na waliompokea alipohitimu. Makala inaonyesha pia kwamba usaidizi huo ulikuwa na gharama zake: utii usio na kikomo, kazi isiyo na malipo, na kufungiwa nje kwa wasichana na wasio na jamaa mjini. Inapendekeza kwamba mipango ya sasa ya mafunzo kazini iutaje usaidizi huo waziwazi katika mikataba yake, badala ya kudhani kuwa upo.

1. Utangulizi

Katika Kiswahili, anayeijua kazi huitwa fundi, anayejifunza huitwa mwanafunzi, na tendo linalowaunganisha huitwa kufunda au kufunza. Maneno haya matatu ni ya ukoo mmoja. Kirundi nacho kimelichukua neno la kwanza na kulifanya umufundi, na hilo peke yake ni ushahidi kwamba ufundi wa mjini ulipita katika kinywa cha Mswahili kabla ya kuenea kwa wengine. Lakini neno linalostahili kutazamwa zaidi ni mwanafunzi, pamoja na mwenzake mwanagenzi, ambalo siku hizi hutumika katika nyaraka za serikali za Afrika Mashariki kwa maana ya kijana anayejifunza kazi kwa kuifanya. Yote mawili yanaanza na mwana. Lugha inatwambia kwamba anayejifunza kazi ni mwana wa mtu. Swali la makala hii ni la kihistoria: katika mji wa Bujumbura, mwanagenzi amekuwa mwana wa nani?

Swali hili lina uzito leo. Serikali, mashirika na wafadhili wanahimiza mafunzo ya kazi kama dawa ya ukosefu wa ajira kwa vijana. Kijana hupewa nafasi ya kufanya staji, hupelekwa katika gereji, kiwanda cha kushona au eneo la ujenzi, na jina lake huandikwa katika orodha. Orodha hiyo humtaja mwajiri, muda na fani. Ni nadra kutaja atakula wapi mchana, nani atajibu iwapo atavunja kifaa cha mteja, na nani atampa kazi ya kwanza mafunzo yakiisha. Mambo hayo huachwa kwa jamii, kana kwamba jamii ni kitu kisichokwisha. Historia ya Bujumbura inaonyesha kwamba usaidizi huo uliundwa na watu katika mazingira maalumu, na kwamba unaweza kuharibika.

2. Dhana zinazoongoza uchunguzi

James House, katika kitabu chake cha mwaka 1981 kuhusu msongo wa kazini, aligawa usaidizi wa kijamii katika aina nne: wa kihisia, wa vitu na vitendo, wa taarifa, na wa tathmini, yaani kumwambia mtu ukweli kuhusu kazi yake. Jean Lave na Etienne Wenger, katika kitabu chao cha mwaka 1991, walieleza kujifunza kama safari ya kutoka pembezoni mwa kundi la wajuzi hadi katikati yake. Sehemu ya ushahidi wao ilitokana na utafiti wa Lave miongoni mwa mafundi cherehani wa Kivai na Kigola nchini Liberia, ambako mwanagenzi huanza na umaliziaji wa nguo, kama kupinda na kushona vifungo, na kuachiwa kukata kitambaa mwishoni, kwa kuwa kosa la mkasi ndilo ghali kuliko yote.

Nadharia hizi zinatufaa, ila zinaacha pengo. Lave na Wenger wanaeleza vizuri namna mtu anavyosogea kutoka pembezoni, lakini hawaelezi vya kutosha nani anagharimia miaka anayokaa huko. House anaeleza usaidizi ndani ya kazi ya mshahara, ilhali mwanagenzi wa Buyenzi hana mshahara. Kwa hiyo makala hii inatumia maswali matatu yaliyo karibu zaidi na maisha ya karakana: nani anamlisha mwanagenzi, nani anamdhamini, na nani anampokea akishakuwa fundi? Ushahidi umetokana na historia iliyochapishwa, sheria, na lugha yenyewe.

3. Mji wa watu wasio na itongo

Waswahili wa Burundi walikaa ufukoni kwa sababu. Katika karne ya 19, ufalme wa Mwezi Gisabo ulizuia misafara ya biashara na ya watumwa kuingia milimani. Hata Mohammed bin Khalfan, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, hakufaulu kuuvunja kutoka makao yake ya Ujiji. Wageni waliotokea Ujiji, pwani na Manyema walibaki kando ya Ziwa Tanganyika. Wajerumani walipojenga kituo chao cha kijeshi cha Usumbura mwishoni mwa karne hiyo, na hatimaye kumlazimisha Mwezi Gisabo kukubali mkataba wa Kiganda mwaka 1903, walikuja na askari, wapagazi na wachuuzi waliozungumza Kiswahili. Mji ukakua kuwazunguka watu hao.

Tofauti yao na Warundi wa milimani ilikuwa ardhi. Kijana wa mlimani alitazamia kurithi itongo, ardhi ya baba yake, na pamoja nayo majirani wa kusaidiana nao kwa ikibiri, yaani kazi ya pamoja mashambani. Mtu wa ufukoni hakuwa na itongo. Hakuwa na ukoo wa kumtetea mbele ya wazee wa hukumu, yaani abashingantahe. Alichoweza kumwachia mwanawe ni mtaji wa biashara, dini, au kazi ya mikono. Ndiyo maana naona ni sahihi kusema kwamba ufundi ulikuwa itongo la mtu wa mjini. Na kama itongo, haukuwa mali ya mtu mmoja tu: ulikuja na majirani, wadeni, wadhamini na wajibu.

Katika miji ya Waswahili kwa jumla, mwana alipopelekwa kwa fundi hakupelekwa karakana tu, alipelekwa pia nyumbani. Alichota maji, alitumwa sokoni, alikula sinia moja na watoto wa fundi. Mwisho wa safari ulikuwa na adabu yake. Kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 inaorodhesha, miongoni mwa maana za kilemba, zawadi ya desturi inayotolewa kazi inapokamilika. Zawadi ya aina hiyo ilitangaza hadharani kwamba deni limelipwa. Katika mpangilio huo, maswali yetu matatu yalikuwa na jibu moja: fundi alimlisha mwana, fundi alimdhamini, na fundi, mbele ya watu, alimtambua kuwa fundi mwenzake.

4. Enzi ya Wabelgiji: karakana, shule na nyumba ya malezi

Majeshi ya Ubelgiji yaliiteka Usumbura mwaka 1916, na mji ukawa makao ya utawala wa Ruanda-Urundi. Elimu ilikabidhiwa kwa sehemu kubwa kwa wamisionari Wakatoliki. Elimu ya juu zaidi, ile ya Groupe Scolaire ya Astrida iliyoanzishwa mwaka 1929, ililenga hasa watoto wa machifu watakaosaidia utawala. Waislamu wa mjini, waliohofia watoto wao kubadilishwa dini, wengi wao walikaa mbali na shule za misheni. Walipewa mtaa wao, Buyenzi, wenye barabara zinazotajwa kwa namba hadi leo. Hapo kijana alikuwa na shule mbili: chuo cha Kurani na karakana. Kile ambacho utawala ulikiona kama kurudi nyuma kilikuwa pia chanzo cha nguvu, kwani kazi za ufundi zilibaki mikononi mwa watu ambao hawakutegemea cheti cha misheni ili waaminiwe.

Baada ya Vita Kuu ya Pili mji ulipanuka. Mpango wa miaka 10 wa Ruanda-Urundi ulichapishwa mwaka 1951, na ofisi ya makazi ya Waafrika iliyojulikana kama OCAF ilijenga nyumba nyingi mjini, zikiwamo za Ngagara. Ujenzi ulihitaji waashi na maseremala, na kila mwashi alihitaji wa kumchanganyia udongo na saruji. Kirundi cha mjini kina neno kwa mtu huyu: umuyede, kutokana na neno la Kifaransa lenye maana ya msaidizi. Tulinganishe neno hili na mwanafunzi. Umuyede hutajwa kwa kazi anayomfanyia mwingine. Ndani ya jina lake hamna mwana. Hulipwa kwa siku, na siku ikiisha hakuna anayewajibika kwake. Anaweza kujifunza uashi kwa macho yake, na wengi wamejifunza hivyo, lakini hakuna aliyeahidi kumfundisha. Maneno haya mawili yanaonyesha njia mbili za kuingia kazini, na vijana wa Bujumbura wamepita katika zote mbili.

Kulikuwa na njia ya tatu, iliyowalenga wanawake. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt amechunguza Foyer Social ya Usumbura kati ya mwaka 1946 na 1960, taasisi iliyowafundisha wanawake wa Kiafrika kushona, kupika, kupiga pasi na kulea watoto, huku wafanyakazi wa ustawi wa jamii wa Kizungu wakiwatembelea nyumbani. Kwa macho ya leo, tungesema mpango huu ulikuwa na usaidizi wa kijamii ambao programu nyingi za sasa hazina: ulimfuata mwanafunzi hadi mlangoni kwake. Lakini ziara hizo zilikuwa pia ukaguzi, na lengo lilikuwa kumfanya mwanamke awe mke wa nyumba ya mjini kwa kipimo cha Mbelgiji. Cherehani iliyofundishwa hapo ilielekezwa nyumbani zaidi kuliko sokoni. Hapa tunapata funzo la kwanza: usaidizi unaotoka juu huweza kumshika mkono mtu na kumwongoza mahali asikochagua.

5. Kutoka uhuru hadi mwaka 1993

Mwanamfalme Louis Rwagasore alielewa thamani ya mitandao ya mjini. Mwaka 1957 alijaribu kuwaunganisha wafanyabiashara wa Kirundi katika ushirika, na Waswahili wa Usumbura walikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono mapema. Chama chake cha UPRONA kilipata viti 58 kati ya 64 katika uchaguzi wa Septemba 1961; aliuawa mjini humo tarehe 13 Oktoba mwaka huohuo, na nchi ikapata uhuru bila yeye tarehe 1 Julai 1962. Wazo lake la kwamba wanyonge wa mjini wakusanye nguvu zao lilibaki zaidi katika maisha ya mitaa kuliko katika sera za uchumi.

Dola mpya ilijenga hifadhi ya jamii kuanzia mwaka 1962 kupitia taasisi ya taifa inayojulikana kama INSS. Msingi wake ulikuwa mshahara: mwajiri na mwajiriwa huchangia, na mchango huzaa haki. Kwa mtumishi wa ofisi huo ulikuwa ukombozi. Mwanagenzi wa gereji ya Buyenzi, asiye na mshahara wala mwajiri aliyeandikishwa, mfumo huo haukumfikia. Akikatwa kidole na mashine, aliyempeleka hospitali ni fundi wake. Fundi asipokuwa na fedha, ni mchango wa mtaa. Bujumbura haikuwa peke yake katika hali hii. Ripoti ya Shirika la Kazi Duniani kuhusu Kenya ya mwaka 1972 iliufumbua ulimwengu macho kuhusu kazi zisizo rasmi, na Kenneth King, katika utafiti wake wa mwaka 1977 kuhusu mafundi wa Kenya, alionyesha jinsi ujuzi ulivyosafiri kutoka karakana za Wahindi hadi kwa Waafrika pasipo shule yoyote kuhusika.

Kilichoziba pengo Bujumbura ni mitandao midogo. Upato, unaojulikana mjini kwa jina la ikirimba, uliwawezesha watu wa kipato kidogo kupata fedha nyingi kwa zamu. Kwa fundi kijana, zamu yake ikifika inaweza kuwa cherehani au sanduku la spana. Msikiti ulikuwa mahali pa kumtambulisha mgeni. Majirani walijua ni mwana wa nani, na ujuzi huo ulikuwa ndio udhamini wenyewe: mteja anayeacha gari lake mikononi mwa kijana wa miaka 16 hamwamini kijana, anawaamini wanaomjua kijana.

6. Vita na jaribio la mitandao

Baada ya kuuawa kwa Rais Melchior Ndadaye tarehe 21 Oktoba 1993, Bujumbura iligawanyika mtaa kwa mtaa. Buyenzi haikusalimika. Mashambulizi ya Machi 1995 katika Bwiza na Buyenzi yaliwafanya watu wengi kukimbilia Zaire. Hata hivyo, mtaa huo unakumbukwa pia kama mahali ambapo Wahutu na Watutsi walifichwa na majirani zao. Nadhani karakana ina sehemu katika maelezo ya jambo hilo. Watu waliowahi kula sinia moja, kuazimana nyundo na kudhaminiana mbele ya wateja walikuwa na kitu cha kupoteza iwapo wangegeukiana. Hiyo haitoshi kuzuia mauaji, na historia ya mji huu inakataza kusema kwamba inatosha. Lakini ni sababu mojawapo ya mtu kufungua mlango usiku.

Vikwazo vya kiuchumi vya nchi jirani, kuanzia Julai 1996 hadi Januari 1999, vilileta uhaba wa mafuta na bidhaa za nje. Spea mpya zinapokuwa adimu, mtu anayejua kufufua ya zamani hupanda thamani. Lakini vita hivyohivyo viliua mafundi, vikawatawanya wengine ukimbizini, na kuwaacha vijana wengi bila mtu wa kuwapeleka kwa fundi. Baada ya Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000, zaidi ya watoto 3,000 waliokuwa katika majeshi na makundi ya wapiganaji walirejeshwa uraiani. Waliosimamia kazi hiyo walilazimika kutambua kwamba kumpa mtoto nafasi ya kusoma au kujifunza ufundi hakutoshi. Familia inayompokea nayo ilihitaji kusaidiwa. Huo ulikuwa wakati nadra ambapo mpango rasmi ulikiri kwamba mwanagenzi anahitaji nyumba.

Tukio jingine linaonyesha jinsi ilivyo rahisi kusahau. Tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura liliteketea kwa moto. Hasara ya moto hupimwa kwa vibanda na bidhaa. Mwanagenzi hana kibanda wala bidhaa. Anachopoteza ni mahali pa kukaa karibu na anayejua. Hasara ya namna hiyo haina safu katika daftari la fidia.

7. Upande wa pili wa malezi

Itakuwa kosa kuisifu karakana ya zamani kana kwamba haikuwa na dhuluma. Yule anayekulisha ndiye anayeamua lini umehitimu. Fundi mwenye mwanagenzi hodari ana sababu ya kumchelewesha, kwa kuwa kila mwaka wa ziada ni kazi ya bure. Kutumwa nyumbani kwa fundi kunaweza kuwa malezi, na kunaweza kuwa utumishi. Udhamini unaotokana na kujulikana humfungia nje asiyejulikana: yatima, mkimbizi aliyerejea, kijana wa mlimani aliyeingia mjini bila shangazi wala mjomba. Wasichana walikubaliwa kwenye cherehani na kukataliwa kwenye spana, na hadi leo msichana aliyeingia gereji hulazimika kwanza kuthibitisha kwamba hakupotea njia.

Kwa hiyo hoja ya makala hii haiombi turudi nyuma. Inasema kwamba karakana ya zamani ilikusanya katika mtu mmoja majukumu matatu ya kulisha, kudhamini na kupokea, pamoja na mamlaka makubwa mno juu ya mwana. Mipango ya kisasa imejaribu kuyaondoa mamlaka hayo, na imefanya vyema. Bahati mbaya, mara nyingi imeyaondoa majukumu pamoja nayo, na kumwacha kijana katika hali ya umuyede mwenye cheti.

8. Hitimisho

Sheria za kazi za Burundi zimeutambua uanagenzi kama uhusiano unaohitaji mkataba. Kimataifa, Pendekezo Namba 208 la Shirika la Kazi Duniani, lililopitishwa Juni 2023, linataka wanagenzi wapate malipo ya haki au fidia ya kifedha, usalama kazini na hifadhi ya jamii. Msingi wa kisheria unajengeka. Kinachokosekana ni kuutafsiri katika maisha ya kijana anayetoka Kamenge kwa miguu kwenda Buyenzi kujifunza kutengeneza injini.

Historia tuliyoipitia inapendekeza mambo matatu. Kwanza, mkataba wa mafunzo kazini utaje nani anagharimia chakula cha mchana na nauli, hata kama jibu ni kwamba familia, fundi na mpango watagawana. Pili, kila mwanagenzi awe na mdhamini anayejulikana kwa jina, mbali na fundi wake, atakayejibu kifaa kikiharibika na atakayesikiliza kijana akionewa. Wazee wa mtaa, misikiti, parokia na vyama vya mafundi wanaweza kutoa watu hao, na wataweza pia kuwadhamini wasio na jamaa. Tatu, tarehe ya kuhitimu iandikwe tangu siku ya kwanza, na kuhitimu kuwe jambo la hadharani mbele ya mafundi wengine. Sanduku la vifaa linalotolewa na mradi ni zawadi njema, lakini haliwezi kufanya kazi ya kilemba: haliuambii mtaa kwamba huyu sasa ni mwenzetu.

Wahenga walisema mkono mmoja haulei mwana. Katika karne ya 19 mwanagenzi wa ufukoni alikuwa mwana wa fundi. Baadaye, jukumu hilo lilibebwa na mtaa, msikiti na ikirimba. Leo jina lake limo katika orodha za serikali, mashirika na wafadhili, na kila mmoja wao anaweza kudhani kwamba mwingine ndiye anayemlea. Mwana wa wengi namna hiyo hulala njaa kama asiye na mtu. Kazi iliyo mbele ya watunga sera, na ya sisi tunaoandika historia kwa Kiswahili, ni kuhakikisha kwamba swali la mwana wa nani linaulizwa kabla jina la kijana halijaandikwa katika orodha.